MAGAZIJUTO ina hatua tatu, si tano

Mtoto anayesoma shule ya msingi Goweko, wilayani Uyui, pale treni ya Reli ya Kati inapoikaribia Tabora ikitokea Dodoma, hujifunza neno ambalo hata akiacha shule hatalisahau: MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hilohilo husemwa Bukoba na Mtwara, na wazazi walioishia darasa la saba miaka mingi iliyopita bado wanalo kichwani. Kama somo lingepimwa kwa kukumbukwa tu, hili lingekuwa limeshinda masomo yote. Tatizo ni kile linachokumbusha. Mpe mtoto huyo 10 − 4 + 3. Akilifuata neno kama lilivyo, JU inatangulia TO, kwa hiyo atajumlisha kwanza: 4 na 3 ni 7, kisha 10 toa 7, anapata 3. Jibu sahihi ni 9. Mtoto huyu hakuzembea wala hakusahau alichofundishwa, ametii. Na mtungaji wa maswali ya kuchagua anayeijua kazi yake hakosi kuiweka 3 miongoni mwa majibu, maana anajua ni nani atakayeiokota.

Ninachodai ni kwamba neno hili lina hatua tatu na sisi tumezoea kulifundisha kama lina tano. Hatua ya kwanza ni mabano. Ya pili ni kugawanya na kuzidisha, vyote viwili kwa daraja moja, ukienda kutoka kushoto kuelekea kulia kama unavyosoma. Ya tatu ni kujumlisha na kutoa, navyo kwa daraja moja, kutoka kushoto kuelekea kulia. MA, GAZI, JUTO. Likikatwa hivyo, neno linabaki lilelile, watoto wanaendelea kulisema kama walivyozoea, ila maana yake inanyooka. Kuna pia kipeo, ambacho neno halikukitaja kabisa na ambacho lazima kishughulikiwe mara baada ya mabano, kabla ya kuzidisha. Hilo nitalirudia chini, kwa kuwa ndipo wengi wanapoangukia.

Inashangaza kidogo kwamba nusu moja ya neno hili haina madhara hata likifuatwa kwa ukali. Gawanya likitangulia zidisha, jibu haliharibiki. Katika 24 ÷ 4 × 2, ukigawanya kwanza unapata 6 mara 2, yaani 12, sawa na yule aliyekwenda kutoka kushoto. Katika 24 × 4 ÷ 2, ukiikimbilia 4 ÷ 2 kwanza unapata 24 mara 2, yaani 48, na aliyetoka kushoto naye amepata 96 gawanya kwa 2, ambayo ni 48. Aliyelitunga neno la Kiswahili, awe alijua au alibahatisha, alituokoa hapo. Wamarekani hawakuwa na bahati hiyo: neno lao la kukariri, PEMDAS, linaitanguliza zidisha, na mwanafunzi wao anayelitii kwa ukali akipewa 24 ÷ 4 × 2 atazidisha 4 kwa 2 kwanza na kupata 3. Sisi mtego wetu uko mwishoni, kwenye JUTO. Kwa kweli, kama neno lingeishia na TOJU badala ya JUTO, hata mtoto anayelifuata kama mashine angefika salama: 10 toa 4 ni 6, ongeza 3, ni 9. Sipendekezi tulibadilishe. Neno lililokwisha kaa midomoni mwa vizazi halibadilishwi kwa waraka, na isitoshe TOJU ingemlazimisha mtoto wa darasa la nne kukutana na namba hasi katikati ya hesabu ambayo haikuwa nayo. Ninalitaja ili ionekane kwamba kosa la 3 halitokani na uvivu wa mtoto, bali limo ndani ya mpangilio wa silabi.

Wapo walimu watakaonijibu, na jibu lao lina uzito, kwamba JUTO ni sahihi kabisa ikieleweka. Wao hufundisha hivi: kusanya kwanza vyote vinavyojumlishwa, 10 na 3, upate 13, kisha utoe vyote vinavyotolewa, yaani 4, upate 9. Ni kweli, na mhasibu yeyote anayeweka mapato upande mmoja na matumizi upande mwingine anafanya vivyo hivyo. Lakini tazama njia hiyo inataka nini kwa mtoto. Inamtaka ajue kwamba alama ya kutoa ni mali ya namba iliyo kuliani kwake, kwamba 4 imekuja na alama yake na haiwezi kuondoka bila hiyo, na kwamba 3 imekuja na ya kujumlisha. Anayelijua hilo hahitaji MAGAZIJUTO hata kidogo, ameshauelewa mtajo. Asiyelijua huona 4 + 3 zimekaa pamoja, anakumbuka kuwa jumlisha hutangulia, na anazishika. Utetezi huo basi unamhudumia mwanafunzi aliyekwisha kuelewa, ilhali neno la kukariri lilitungwa kwa ajili ya yule ambaye bado.

Katika hesabu za namba tupu, kosa hili linaweza kuishi miaka bila kuleta kishindo. Herufi zinapoingia ndipo deni linapodaiwa. Mwanafunzi anaambiwa: tafuta thamani ya a − b + c, ikiwa a ni 10, b ni −4 na c ni 3. Hapa kuna kazi mbili, si moja. Kwanza anatakiwa kuweka namba mahali pa herufi, kisha kufuata mpangilio wa matendo, na kazi ya kwanza ikiharibika ya pili haiwezi kuiponya. Herufi b imekaa mahali pake ikiwa na alama ya kutoa mbele yake, na thamani inayokuja nayo ina alama yake. Anayeandika 10 − (−4) + 3 anapata 17. Asiyeweka mabano huona alama mbili zimegongana, anafuta moja kwa kudhani ni kosa la uchapaji, anaandika 10 − 4 + 3 na kupata 9, au, kama bado anaitii JUTO, 3. Swali moja, majibu matatu, na mwalimu anayesahihisha daftari hamsini hana muda wa kujua ni kosa gani kati ya hayo limetokea. Kanuni inayozuia karibu vurugu zote hizi ni fupi: kila thamani inayochukua nafasi ya herufi iingie na mabano yake, hata pale mabano yanapoonekana hayana kazi. Yakiwa hayana kazi, yataondolewa kwenye mstari unaofuata bila hasara.

Mfano mwingine ni 2x. Katika darasa la kwanza mtoto alifundishwa kwamba 2 ikikaa kando ya 5 ni ishirini na tano. Miaka sita baadaye anaambiwa 2x, na x ni 5, na anaandika 25. Tusimcheke, amesoma namba kama alivyofundishwa kuzisoma. Aljebra ilibadilisha maana ya kukaa kando kwa kando bila kumpigia hodi. Akiandika 2(5), kosa halina pa kuingilia. Halafu kuna kipeo. Thamani ya 3x², x ikiwa −2, ni 12: mabano kwanza, (−2) mara yenyewe ni 4, kisha 3 mara 4. Anayezidisha kabla ya kipeo hupata −6, akaipandisha hadi 36. Anayesahau mabano huandika 3 × −2², akatoka na −12. Katika suala la −2² hata mashine hazielewani: mkataba wa wanahisabati unasema ni −4, lakini iandike katika programu ya Excel na utajibiwa 4, kwa sababu waliounda programu ile waliamua alama ya hasi ishikwe kabla ya kipeo. Kama kampuni za kompyuta zinahitilafiana juu ya jambo hili, mtoto asiye na mabano ana nafasi gani?

Kwa nini basi kuzidisha kutangulie kujumlisha? Watoto wetu huambiwa ni sheria, na sheria isiyo na sababu hukaririwa na kusahaulika. Sababu ipo, na mkoa wa Tabora una historia nzuri ya kuieleza. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa zilikuja kwa vichwa na mabega ya watu kutoka Bagamoyo, zikipita vituo kama Tura na Kigwa, ambavyo leo vimo katika wilaya hiyohiyo ya Uyui, hadi Kazeh, yaani Tabora ya leo, na baadaye Ujiji. Fedha ya njia ile ilikuwa nguo. Shuka ilikuwa mikono 4, na doti ilikuwa shuka 2, yaani mikono 8. Mtu akidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, ya doti 3 na shuka 2, hesabu ya mikono ni 3d + 2s, ambapo d ni 8 na s ni 4: 24 na 8, jumla mikono 32. Hakuna mnyapara ambaye angechukua 3 mara 8, akaongeza 2, kisha akazidisha yote kwa 4 apate mikono 104. Doti 3 ni fungu, shuka 2 ni fungu, na mafungu hukamilishwa kwanza ndipo yajumlishwe. Huo ndio mpangilio wa matendo, na watu waliuishi bila kuuandika. Mabano nayo yalikuwepo katika maneno. Wapagazi 30 na askari 10 wakipewa shuka 2 kila mmoja, shuka ni (30 + 10) × 2, yaani 80. Maneno “kila mmoja” ndiyo mabano. Ukiyaondoa na kuandika 30 + 10 × 2 unapata 50, na shuka 30 za watu zimepotea njiani.

Nimeleta misafara kwa sababu inaonyesha kilichokosekana darasani. Hesabu yenye maana humlinda anayeikokotoa. Akikosea, jibu lenyewe linampigia kelele. Aljebra huiondoa maana hiyo kwa makusudi, ili kanuni moja iweze kutumika kwa nguo, kwa tumbaku na kwa mwendo wa treni, na ndiyo nguvu yake. Ila ukimwondolea mwanafunzi maana, lazima umwachie mpangilio ulio sahihi, kwa kuwa hana kitu kingine cha kushika.

Tumbaku, zao ambalo Tabora hulijua kuliko mikoa mingi, inaonyesha kuwa mambo haya hayaishii kwenye daftari. Bei ya tumbaku imezoeleka kutajwa kwa dola kwa kilo, na mkulima wa chama cha msingi hukatwa deni la pembejeo kabla ya kushika fedha. Tuchukue namba za mfano tu: kilo 640, bei dola 2 kwa kilo, deni dola 400, na dola moja ni shilingi 2,500. Deni likikatwa kwa dola kwanza, malipo ni (640 × 2 − 400) × 2,500, ambayo ni 880 mara 2,500, yaani shilingi 2,200,000. Sasa tuseme mkopo ulitolewa dola ilipokuwa shilingi 2,300, na makubaliano ni kwamba deni lihesabiwe kwa kiwango cha siku ile. Malipo yanakuwa 640 × 2 × 2,500 − 400 × 2,300, yaani 3,200,000 toa 920,000, ambayo ni 2,280,000. Tofauti ni shilingi 80,000, na yote iko katika swali moja: mabano yanafungwa wapi? Mkulima anayeweza kuuliza swali hilo kwenye mkutano wa chama hahitaji kumshuku mtu yeyote wala kupandisha sauti. Anaomba aonyeshwe kanuni, anaingiza namba zake, anasoma jibu. Asiyeweza ataondoka na karatasi aliyopewa, iwe sahihi au si sahihi.

Watasema: siku hizi kuna vikokotoo. Vipo, na ndiyo sababu ya kuhangaika zaidi. Chukua kikokotoo kidogo cha dukani, kile cha vitufe vikubwa, ubonyeze 2,000 + 3 × 1,500, kana kwamba umenunua sukari ya 2,000 na sabuni tatu za 1,500. Vingi vya aina hiyo hukokotoa kila kitufe kinapobonyezwa: vitajumlisha 2,000 na 3, vizidishe kwa 1,500, na kukuletea 3,004,500. Simu janja itakupa 6,500. Muuzaji wa Goweko hawezi kudanganyika, kwa sababu anajua sukari na sabuni hazifiki milioni tatu. Lakini weka herufi na namba zisizo na bei unayoijua, na kikokotoo kitakupa jibu lolote nawe utalinakili. Mashine haisomi mtajo. Inatii mpangilio wa aliyeitengeneza. Kuusoma ni kazi ya mtu.

Pingamizi la werevu zaidi ni lile linalosema mpangilio huu ni makubaliano tu, si ukweli wa asili, kwa hiyo kosa dhidi yake ni kama kosa la adabu. Sehemu ya kwanza naikubali. Al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad karibu mwaka 820, hakutumia alama hizi hata moja. Aliandika kila kitu kwa maneno, na sentensi ndiyo iliyobeba mpangilio. Alama ya sawasawa ilichapishwa na Robert Recorde mwaka 1557, herufi kwa ajili ya namba zinazojulikana na zisizojulikana zikapangwa na François Viète mwaka 1591, na kipeo kidogo kinachokaa juu ya herufi kikaenezwa na René Descartes mwaka 1637. Maneno yalipoondoka, makubaliano yakachukua kazi yao. Jan Łukasiewicz wa Poland alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba unaweza kuandika mitajo bila mabano yoyote, ukilitanguliza tendo mbele ya namba zake, na hesabu ikawa ileile. Kwa hiyo ndiyo, ni makubaliano. Lakini kuendesha gari kushoto nako ni makubaliano, na hakuna anayeyadharau akiwa barabarani. Hata hivyo hoja hiyo ina faida moja: inatukumbusha kwamba mwandishi wa mtajo ana wajibu. Mwaka 2019 watu duniani walibishana mtandaoni juu ya 8 ÷ 2(2 + 2), wengine wakisema 16, wengine 1. Kwa maoni yangu lawama ilikuwa ya aliyeuandika. Mtajo unaohitaji mabishano umeandikwa vibaya, na mtihani unaowapima watoto kwa mitajo ya aina hiyo unapima ujanja, si hisabati.

Linabaki lalamiko la darasani: watoto ni wengi, muda ni mdogo, na neno moja la kukariri ndilo linaloingia. Nalielewa, na ndiyo maana sidai kitu kikubwa. Kusema MA, GAZI, JUTO kwa mapumziko mawili hakugharimu kipindi cha ziada. Kuandika namba ndani ya mabano kila inapochukua nafasi ya herufi kunagharimu wino. Kinachogharimu ni kuacha mambo yalivyo, kwa sababu mtoto huyu akifika kidato cha kwanza lugha inageuka Kiingereza, MAGAZIJUTO inavuliwa na kuvishwa BODMAS, na BODMAS nayo inaishia kwa jumlisha kabla ya toa. Kosa lilelile linavuka nalo, safari hii likiwa katika lugha ambayo mwanafunzi hawezi hata kuuliza swali lake vizuri. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, wanaofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne hawajafika hata theluthi ya watahiniwa. Sababu ni nyingi: upungufu wa walimu, vitabu, umbali wa shule. Sitadai kwamba JUTO imeleta yote hayo. Lakini aljebra ndiyo mlango wa karibu kila mada ya sekondari, na anayeingia akiwa anaamini 10 − 4 + 3 ni 3 atakutana na kosa hilo katika milinganyo, katika jiometri ya viwianishi, katika takwimu, na kila mahali atalaumiwa kwa kutofahamu mada mpya wakati kinachomwangusha ni cha darasa la nne.

Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na unaendelea kuingia madarasani kwa awamu. Hii ndiyo nafasi. Taasisi ya Elimu Tanzania iandike katika vitabu vya Hisabati vya msingi na vya sekondari kwamba kugawanya na kuzidisha ni daraja moja, kujumlisha na kutoa ni daraja moja, kipeo hufuata mabano, na kila thamani huingia mahali pa herufi ikiwa na mabano yake. Na iandike hivyo kwa maneno yanayofanana katika lugha zote mbili. Walimu wasisubiri vitabu. Nawe mzazi uliyeko Goweko, Igalula au popote, mwanao akirudi leo na daftari la hesabu, mwulize 10 toa 4 jumlisha 3 ni ngapi, na akikujibu 3, usimchape.